Mbwa wa Baba na Salamu za Mlimani

Baba alipofariki alituacha watatu: mama, mimi, na mbwa mfupi wa miguu ambaye hakumpenda mtu yeyote ila baba. Mimi nilimwona kero tupu. Mama alimwona kama kipande cha baba kilichobaki nyumbani, na alilisema hilo waziwazi. Kwa hiyo mbwa alipoanza kukohoa, kisha akaanguka akipanda ngazi za mawe za kwetu mlimani Nyamagana, mama alimfunga kwenye kanga kuukuu akambeba hadi kwa daktari wa mifugo.

Daktari, dada mmoja mpole, alimsikiliza kifuani kwa muda mrefu. Akasema vali ya moyo imechakaa, haifungi vizuri, damu inarudi nyuma. Akatoa dawa. Mama akauliza kama amfungie bandani apumzike, maana mbwa wa mtaani kwetu hushinda bandani mchana kutwa.

"Hapana, mama. Misuli ikilegea, moyo unaelemewa zaidi. Mtembeze kila asubuhi, polepole, apumzike kabla hajachoka. Akizoea, mwongezee kidogo kidogo. Asikimbie tu."

"Nitajuaje kwamba bado hajachoka?"

"Hiyo ndiyo kazi yenyewe, mama."

Mtaani kwetu hakuna anayetembeza mbwa. Watu walicheka wee, wakamuuliza mama kama na huyo ana kadi ya kliniki. Hakuwajali. Mama ni Msukuma wa Kisesa, na kwake kupita mlangoni pa mtu bila salamu ni matusi. "Mwangaluka!" akamwambia muuza dagaa, kisha wakaulizana habari za usiku, za watoto, za mvua, za ng'ombe. Mbwa akakaa chini. Wakasogea hadi kwa fundi viatu, mbwa akakaa tena. Mimi nikaguna moyoni: mazoezi gani haya, si umbea mtupu?

Ilinichukua muda kuona. Penye mwinuko mkali, salamu zilikuwa ndefu. Penye tambarare zilikuwa fupi. Kwa bibi wa kona, chini kidogo ya ngazi zetu, mama aliuliza hadi habari za goti, na bibi yule akianza habari za goti lake hamalizi leo. Wiki zikapita, na siku moja mama akampungia fundi viatu mkono tu, akaendelea.

"Mmegombana?" nikauliza.

"Nigombane naye kwa lipi? Kipande hiki mbwa anakiweza sasa."

Nilimwangalia mama yangu na kumheshimu upya. Hakuwa na saa mkononi, wala hakuna aliyemfundisha.

Kisha malaria ikamlaza mama, nikamtembeza mbwa mimi. Tulishuka vizuri. Wakati wa kurudi nilikuwa nachelewa kazini, nikataka kumpita bibi wa kona kimyakimya. Mbwa akakaa chini mlangoni pake. Nikavuta kamba kidogo, akanitazama tu, hakunyanyuka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mama yako yuko wapi?"

Nikamweleza. Akanipa pole, kisha goti likaanza. Nikalisikiliza lote, nikitazama mbavu za mbwa zikitulia taratibu, hadi akainuka mwenyewe.

Ngazi za mwisho alizipanda bila kukohoa. Mama alikuwa macho, anatoka jasho la homa, na macho yake yalikuwa mlangoni. Mbwa akaenda kulala kando ya kitanda. Mama akashusha mkono, akauweka ubavuni mwa mbwa, akazisikiliza pumzi zake. Nikaogopa kweli, nisije nikawa nimemchosha.

"Bibi wa kona umemsalimia?"

"Nimemsalimia. Mbwa alikataa kumpita."

Akampapasa mbavu taratibu. "Basi bado tunaye," akasema.

Nikamwambia ndiyo, tunaye. Kisha nikatoka nje, nikalia kidogo kabla ya kwenda kazini.