Bastola ya Babake Okumu

Nakumbuka tulipokuwa wadogo huku Moiben, hakuna mtoto aliyebisha hodi kwa akina Okumu. Tuliingia jikoni moja kwa moja, tukala samaki mkavu wa mamake huku tukikunja nyuso, kisha tukaomba mwingine. Babake Okumu alikuwa mpishi wa kaburu mmoja, na kaburu alipohama alimwachia bastola kuukuu, ikaning'inia ukutani. Jumapili alituteremshia.

"Hii ilizaliwa ikila jiwe la gumegume, lile la kutoa cheche," alituambia. "Baadaye fundi akaking'oa kisahani cha baruti kilichokuwa hapa ubavuni, ikaanza kula fataki, vikofia vinavyolipuka vikigongwa."

Tulipapasa matundu ambayo fundi aliyaziba kwa shaba, mpaka mzee akatukemea, "Mikono yenye maziwa italeta kutu!" Watoto wa leo wanapiga bunduki kwenye simu tu, na wanajiona majemadari.

Baada ya vurugu za uchaguzi, Okumu alirudi kujenga ile nyumba ya babake, iliyochomwa. Vijana aliowapa kibarua cha kuondoa majivu wakaipata ile bastola, mpini umeungua, chuma kimebaki. Wakaniita.

"Mzee, kuja uone! Jirani yako alikuwa anatengeneza bunduki," Kiptoo akasema, akionyesha alama za tupa na matundu yaliyozibwa. "Hii ni ya kienyeji. Ilikuwa ya kutumaliza."

Siku zile kipande cha bomba kikiokotwa kwa mtu wa kabila lingine kilitosha kumfukuza kwake. Okumu akanitazama, akingoja. Nami nikanyamaza. Niliitambua, lakini nilijiuliza, kama hii ilikuwemo miaka yote, ni nini kingine kilikuwemo? Kimya kile nakijutia mpaka leo.

Hatimaye nikakwangua masizi kwa ukucha, shaba ikang'aa. "Ni ya kaburu," nikasema. "Matundu haya yalizibwa kabla babu zenu hawajazaliwa, ilipotolewa kwenye jiwe ikatiwa fataki."

Kiptoo akacheka. "Na wewe Mzee, ulijuaje ya ndani ya nyumba yake?"

Vijana wakatazamana, halafu wote wakanigeukia mimi.

"Wacha tu," Okumu akaniambia polepole. "Ulifikiria sana kabla ya kusema."

Chifu aliichukua bastola, Okumu akauza shamba akarudi kwao ziwani. Aliyenunua amezungusha ukuta mrefu na geti la chuma. Enzi zetu, kujua kilichoning'inia ukutani kwa jirani ndio ulikuwa ujirani wenyewe. Siku hizi ni ushahidi. Huyo mwenye geti hata jina lake silijui, na nimeona ni salama zaidi nisiulize.