Mlango wa Nusu

Kila Jumamosi, Kifungo alipokwenda kwa baba yake, mama yake alishinda roho mkononi. Mama ni fundi cherehani, wameachana na baba mtu; na baba mtu ni seremala, chumba chake kimepakana na karakana. Mtoto ana miaka minne, na msumeno hauna macho.

Jumamosi moja uvumilivu ulimwishia mchana kweupe, akaenda bila taarifa. Akakuta mlango wa nusu umefungwa baina ya chumba na karakana, mpya, umepigwa msasa hadi kingoni, komeo upande wa karakana. Kifungo alikuwa nyuma ya mlango huo, upande wa chumbani, akimhimiza baba amalize kitanda cha mwanasesere.

“Karibu, mkaguzi,” seremala akacheka.

“Ndiyo, nimekuja kukagua. Mbona mlango mrefu hivi, na mtoto mwenyewe kimo cha kuku?”

“Nilimpima amesimama juu ya stuli, Mama Kifungo. Si namjua? Mpandaji kama mamake!”

Miaka yote ya kupima watu nguo, mama hakuwahi kumpima mtu pamoja na utundu wake. Roho ikamtulia.

“Ahsante, Baba Kifungo,” akasema. “Basi nitamfuata jioni, kama tulivyopatana.”