Panapouma

Asubuhi moja, huku ugenini, kwenye basi la kutoka Flemingdon Park kwenda Eglinton, kijana wa kiti cha jirani alikuwa na kompyuta mapajani na mguu usiotulia. Simu yake ilikuwa kwenye spika. Fundi mwenzake wa kompyuta, mwanamke, alikuwa Mwanza, katika hospitali ambayo seva yake, kompyuta kuu inayohifadhi data, ilikuwa imekwama. Majibu ya maabara hayakuwa yakifika wodini.

"Dada, kumbukumbu za seva hazishuki. Mstari mmoja, kisha zinaganda."

"Unavuta faili zima, kaka. Kwa mtandao wetu huu hutafika. Chuja hukohuko kwenye seva, uvute mistari ya hitilafu tu."

"Nikikosa kitu muhimu je?"

"Kuna mtoto anasubiri kuongezewa damu."

Kaka akaandika amri fupi. Mistari michache ikaja papo hapo.

"Diski imejaa. Nafuta nakala za zamani."

Kituo chake kikapita, hakuinuka. Tulisubiri wote, hata mimi nisiyehusika.

"Yamefika wodini," dada akasema taratibu. "Asante, kaka."

Mguu ukatulia.

Sisi tulio mbali hutaka kusimuliwa ya nyumbani yote, tangu mwanzo, ndipo tusaidie. Nadhani mgonjwa angependa tuulize kwanza panapouma.