Sura ya Nne Haikuwa Yangu

Mama yangu hajui kusoma, kwa hivyo kitabu nilichoandika juu ya maisha yake ilibidi nimsomee mwenyewe. Tulianza Jumapili moja baada ya kanisa, chumbani kwake Kisumu Ndogo, Kibera. Yeye alikuwa akichambua omena, dagaa wa ziwani, za kuuza kesho yake, mimi nimekaa kitandani na kitabu ambacho bado kilinuka wino. Sura tatu za kwanza alizisikiliza kimya. Mara moja tu alicheka, nilipofika mahali anapowatoroka askari wa jiji, wale wa kanjo, na beseni lake kichwani.

Nikafungua sura ya nne. Mdomo wangu ulisoma kabla akili haijafika. "Ng'ombe wangu wa kwanza wa gredi, wa maziwa mengi, nilimuuza ili nijenge vyumba sita vya mabati. Mwenye ploti asipokuwa mkali, wapangaji watamla yeye."

Mama akaacha omena. "Nyathina," akasema. Ndivyo anavyoniita kwa Kijaluo, yaani mtoto wangu. "Huyo ni nani?"

Nikageuza ukurasa. Ng'ombe. Nikageuza mwingine. Mabati, fundi mlevi, kesi ya mpaka na jirani.

"Mimi sikuwa na ng'ombe," Mama akasema. "Wala ploti. Umeandika nini?"

Sikuwa nimeandika hayo. Sura yangu ya nne ilikuwa ya mlango. Nilikuwa darasa la pili wakati mwenye nyumba alipotuma watu wang'oe mlango wetu kwa sababu ya kodi. Mama aliketi kizingitini siku tatu, sisi watoto nyuma yake, akiuza omena hapo hapo kwa yeyote aliyepita, na hakumwambia mtu yeyote kwa nini mlango haukuwepo. Niliandika kitabu kizima kwa ajili ya siku hizo tatu. Sasa zilikuwa zimetoka, na mahali pake pamewekwa kurasa kumi na nne za mtu mwingine.

Nilimwambia ni makosa ya mashine. Akarudi kwenye omena zake. Hakuniomba niendelee.

Mimi hushona sare za shule, kibanda changu kiko Makina. Kitabu nilikiandika kwenye madaftari, mchana wateja wakiwa wachache, miaka mitatu. Nikapeleka mswada kwa wachapishaji wakubwa. Mmoja alijibu kwamba wanachukua vitabu vya shule peke yake. Wengine mpaka leo hawajajibu. Kwa hivyo nilipoona tangazo kwenye Facebook la kampuni ndogo ya Kawangware iliyosema hakuna mswada unaokataliwa, sikujiuliza kwa nini hawakatai. Ningejiuliza, leo nisingekuwa na hasira hii.

Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la hardware. Mkurugenzi alikuwa mwanamke wa rika langu, mpole, mwenye sauti ya mtu anayefariji wafiwa. Aliniita "mwandishi." Maisha yangu yote nimeitwa fundi. Aliniwekea chai, akasema hadithi ya mama yangu imemliza, kisha akanionyesha karatasi yenye pakeji tatu: fedha, dhahabu na almasi. Nilichukua dhahabu. Pesa zilikuwa zamu yangu ya chama chetu cha kuchangiana, ambazo nilikuwa nimepanga kununulia cherehani ya pili.

Baada ya hapo kila hatua ilikuwa na bei yake. Jalada lilikuwa ndani ya pakeji, lakini jalada zuri halikuwa ndani. Uhariri ulikuwemo, lakini uhariri wa kina ulikuwa kitu kingine. Nililipa vyote viwili. Jalada lilipokuja lilikuwa na mwanamke aliyebeba kibuyu, nyuma yake jua linazama nyikani. Mama yangu hajawahi kubeba kibuyu. Nikasema hivyo.

"Wasomaji wanapenda hii," mkurugenzi akanijibu. "Tuamini, mwandishi. Sasa weka sahihi hapa, leo leo iende kwa mashine. Ukichelewa, nafasi anachukua mwingine."

Nikaweka sahihi. Karatasi ilisema nimesoma kurasa zote na nimezikubali. Nilikuwa nimeona jalada tu.

Kisha wakatufanyia uzinduzi, waandishi wanane ukumbi mmoja. Tulichangia keki, tukachangia spika, tukapewa kila mmoja cheti cha mwandishi bora. Wote wanane tulikuwa bora. Niliketi karibu na mzee mmoja wa Kawangware, mwenye ploti, aliyevaa koti la suti na kofia ya sufu. Alinieleza muda wote wa hotuba jinsi alivyouza ng'ombe wa gredi akajenga vyumba vyake vya kwanza.

Ndiyo maana siku ile kwa Mama, nilipofika ukurasa wa tatu wa ng'ombe, nilijua ni nani.

Jumatatu nilifunga kibanda nikaenda Kawangware. Mzee si mtu wa kutafutwa sana, kila mwenye duka alinionyesha nyumba yake. Nilimkuta uani akimwagilia sukuma wiki. Aliponiona na kitabu mkononi alifunga maji, akaingia ndani, akatoka na chake. Alikifungua mahali palipokunjwa.

"Hii ni yako?" akauliza.

Ilikuwa yangu. Mlango, kizingiti, siku tatu, kila neno.

"Watu wa kanisa wamesoma," mzee akasema. "Wananiuliza kama mimi ndiye niling'oa huo mlango."

"Ni wewe, mzee?"

"Hiyo ni Kibera. Mimi sina ploti Kibera." Akachuma jani moja bovu la sukuma wiki. "Lakini nimeng'oa mingine."

Sikuwa nimekuja kwa ajili ya hiyo milango. Akaniambia twende pamoja, nikamfuata, na nakiri nilifurahi kuwa na mtu mwenye koti la suti upande wangu.

Mkurugenzi alitusikiliza akitikisa kichwa kwa huruma. Kisha akatoa faili zetu, akatuonyesha sahihi zetu. "Mlikubali kurasa," akasema kwa upole. "Sisi tulichapisha kile mlichokubali."

"Mhariri wenu alisoma nini?" nikamuuliza. "Nililipia uhariri wa kina. Kurasa kumi na nne mama yangu anageuka mwanamume mwenye ng'ombe, na hakuna mtu aliyeshtuka?"

"Tusipandishe sauti, mwandishi."

"Nani alisoma? Niambie jina lake nimuulize yeye."

Hakunitajia mtu. Mpaka leo naamini hakukuwa na mtu. Mzee naye aliongea polepole, akamtajia wakili wake, na akamwambia kwamba anamfahamu vizuri mwenye jengo hilo, kwani walisoma pamoja. Uso wa mkurugenzi ukabadilika kidogo. Akatuomba tumpe wiki mbili.

Kabla wiki mbili hazijaisha nilimpigia mzee simu kujua tunakwenda lini.

"Mimi wamenirekebishia," akasema. "Wameleta vitabu vipya jana. Wewe fuata yako sasa, mama."

"Tulienda pamoja, mzee."

"Ndiyo. Lakini kila mtu ana karatasi yake."

Nilienda peke yangu. Mkurugenzi hakuniwekea chai. Alisema kuchapisha upya kunawezekana kabisa, kuna pakeji ya marekebisho. Nilicheka mbele yake, kicheko kibaya, na nikamwambia maneno ambayo sitayaandika hapa kwa sababu Mama bado ananitaka nimsomee.

Nilipeleka mkataba, ule nilioutia sahihi siku ya kulipia dhahabu, kwa dada anayetoa fotokopi Makina, jirani yangu, ambaye huandikia watu barua za mashtaka. Alisoma kurasa zote saba, kidole kikitembea chini ya kila mstari, jambo ambalo mimi sikulifanya. Alipomaliza akaniambia, "Umewapa kitabu miaka mitano. Hauwezi kupeleka kwa mwingine. Hata wewe mwenyewe hauruhusiwi kuchapisha."

"Na nikitaka kujitoa?"

"Unawalipa."

Nilikaa kwenye benchi lake. Hasira ya kuibiwa naijua, nimeibiwa mara nyingi. Hii ilikuwa nyingine. Mwizi wa barabarani huchukua simu, hakuambii kwanza kwamba hadithi ya mama yako imemliza.

Nikamwambia dada anichapie zile kurasa za mlango kutoka kwenye madaftari yangu, nakala moja kwa kila kitabu nilichokuwa nacho.

"Na mkataba unaokukataza?"

"Wewe chapa tu."

Nilichukua wembe ninaofumulia mishono, nikaketi kibandani siku nne, nikakata ng'ombe kwenye kitabu kimoja baada ya kingine na kubandika mlango mahali pake. Karatasi zangu ni nyeupe kuliko zao na zimepinda kidogo, unaziona hata kitabu kikiwa kimefungwa. Nimeviuza kwa wateja wa sare, kwa wauza omena wenzake Mama, kwa walimu wawili. Mkurugenzi alisikia. Alinipigia simu akaniambia, kwa sauti ile ile ya msiba, kwamba ninavunja mkataba na wanaweza kunipeleka kortini.

"Nipeleke," nikamwambia. "Hakimu asome kitabu chenu na changu kwa sauti, na wewe ukiwa hapo."

Hajapiga tena. Kitabu changu bado kiko kwenye ukurasa wao wa Facebook, na kibuyu chake, na alama ya mwandishi bora. Chini yake kila wiki mtu mpya anauliza bei ya pakeji. Mimi huwaandikia kwamba wasilipe, wasome kwanza kila karatasi, waulize jina la mhariri. Kampuni hufuta maneno yangu. Nikimaliza kukata vitambaa vya siku hiyo, huyaandika tena.