Kiti cha Bi Zeyana

Bi Zeyana, mjane mshona kofia wa Bagamoyo, hakuwa mtu wa kugombana. Lakini siku alipopanda ndege kwenda Maskati kumwona mjukuu wake mchanga, alimkuta kijana amekalia kiti chake.

Kiti hicho cha kando ya njia alikichagua mwenyewe. Tangu bajaji ilipopinduka naye huko Kerege, goti lake halikunjiki vizuri. Lazima aunyoshe mguu.

"Assalaam alaykum, mwanangu. Hapo ni pangu."

Kijana, Muataz, hata salamu hakuitikia. "Mama, kakae kule nyuma. Mimi niko na mke wangu."

Mkewe, Nadhira, alikuwa dirishani, kwenye kiti cha mumewe, ameinamisha uso. Kiti cha Nadhira mwenyewe kilikuwa nyuma kabisa, katikati ya mabwana wawili wanene.

"Unaniomba, au unaniamrisha?"

"Mama, si kiti tu?"

Mhudumu akaja. Badala ya kumnyanyua kijana, akamgeukia mzee. "Bibi, ungemsaidia tu. Watu wanasubiri."

Abiria mmoja akaguna, "Wazee bwana, kwa ubishi!"

Hapo Bi Zeyana akaushika mgongo wa kiti chake.

"Nimsaidie nini? Ana kiti cha dirishani, kila mtu anakitaka. Si ampe hicho bwana mmoja kule nyuma, yeye akakae na mkewe? Hataki! Anataka viti viwili vizuri, mimi na mguu wangu nikabanwe. Sitoki hapa mpaka anipishe!"

Mhudumu akazitazama tiketi, kisha akamwambia Muataz anyanyuke.

"Nilikwambia umwombe kwa adabu," Nadhira alimnong'oneza mumewe. Muataz akavuta begi lake, akaenda nyuma kwenye kiti cha mkewe, akibamiza viti vya watu.

"Shikamoo, bibi. Tuwie radhi," akasema Nadhira.

"Marahaba." Bi Zeyana akaketi, akaunyosha mguu. Binti hakumkosea kitu, ila hasira ilikuwa bado haijamtoka, na chakula kilipoletwa alikirudisha.

Huko Maskati bintiye, Huda, aliposimuliwa alicheka. "Mama nawe! Ungempa tu yakaisha."

"Nimpe?" Bi Zeyana alimkazia macho. "Yule kijana hanijui, nimemsamehe. Wewe umeniuguza goti hili, unaniambia nimpe?"

Huda akaacha kucheka. Bi Zeyana akamchukua mjukuu wake, akaingia naye chumbani, akaufunga mlango.