Kiswahili cha Jikoni kwa Vinod

Ilikuwa mwaka 2018. Sivyo, nasahau, ni 2019, maana mwaka uliofuata tulifungiwa ndani na barakoa zetu na boti zikakaa bure. Basi 2019, mwezi wa Juni, Vinod alipotimiza miaka sabini na sita.

Huyu Vinod ni Mhindi wa Mombasa, mzaliwa wa Makadara, aliyeuza misumari na rangi huku kwa Waingereza, mtaa wa Harrow, mpaka magoti yakamkataa. Tulijuana kituoni, basi lilipotupita naye akalitukana kwa Kiswahili. Mimi wa Lewisham, upande wa pili wa mji, mstaafu, siku hizi natembea tu, nikamjibu kwa Kiswahili hicho hicho. Tangu hapo kila Alhamisi nilikuwa jikoni kwake nakunywa chai. Mkewe, Madhu, alikuwa amefariki zamani, na katika jiko lile Vinod hakukubali kibadilishwe kitu, hata pazia.

Binti yake wa pekee, Minal, ndiye aliyekata tiketi: kwanza matembezi ya jioni kuangalia majengo ya kale, kisha chakula kwenye boti, mtoni. Akanialika na mimi. Tukaoneshwa lile jiwe refu la Wamisri lililosimama kando ya mto, tukaoneshwa kipande cha ukuta wa Warumi. Vinod akaniinamia sikioni.

"Miaka elfu mbili huu. Hawa Warumi hawakuwa na binti wa kuwaambia wauze?"

Nikajua kuna jambo.

Jambo lenyewe lilitoka mezani, boti ikiwa imeshaacha gati. Minal alisema kwa Kiingereza, polepole, kwamba nyumba ya Harrow imepata mnunuzi, mnunuzi anataka jibu asubuhi, na kuna chumba kizuri kwenye nyumba za wazee karibu na kwake. Karatasi anazo mkobani. Imebaki sahihi tu.

Vinod alikuwa amebanwa dirishani, binti ubavuni, meza mbele. Akamwuliza mhudumu boti itasimama wapi. Mhudumu akacheka kwa adabu: haisimami popote, inakwenda Greenwich na kurudi. Dirisha lilikuwa la kioo kizima, halifunguki. Vinod akalisukuma hivyo hivyo.

Akanigeukia kwa Kiswahili, kile walichokuwa wakisema na Madhu ili mtoto asielewe.

"Zephaniah, tukishuka nakuja kwako moja kwa moja. Huyu asijue. Ataitafuta sahihi yangu mpaka achoke."

"Baba," Minal akasema, "kwa anko Zephaniah kuna kitanda kimoja."

Kwa Kiswahili. Cha Mombasa kabisa. Vinod akaweka uma chini.

"Nani kakufundisha?"

"Wewe na Mama. Nilikuwa nakaa kwenye ngazi nawasikiliza mkiwa jikoni."

"Tangu lini?"

"Tangu mdogo. Nilisikia mnavyomsengenya shangazi Poonam, nikacheka peke yangu. Na siku ile mliyotoka hospitali nilisikia. Mama alisema daktari kampa miezi minne. Wewe ukasema Minal asiambiwe. Nilikuwa na miaka kumi."

Tukapita chini ya daraja. Watu wote wakainuka kupiga picha, sisi watatu tukabaki vitini.

"Wewe unalipenda jiko lile, Baba. Mimi kila nikija nakaa sebuleni na koti langu mwilini. Hujaona?"

Mimi nilikuwa nimeona. Nilidhani ni haraka za watu wa ofisini.

Vinod akatazama maji mpaka viazi vikapoa.

"Lete karatasi," akasema.

"Si lazima leo, Baba."

"Lete."

Akatia sahihi juu ya meza, kando ya sahani. Kufika gatini ilikuwa bado saa nzima na zaidi, na hapakuwa na pa kuinuka kwenda. Nyuma yetu watu walikuwa wanamwimbia mtu wa meza nyingine. Ndipo nikauliza: miezi ile minne, Minal, mtoto kama wewe, ulikuwa unamwambia nani?