Siku Nilipoinywesha Mursik Pesa ya Mbegu

Mkicheka chekeni polepole, maana mpaka leo nikipita karibu na ofisi ya chifu navuta kitambaa cha kichwa hadi kwenye nyusi, na watu wa Kimulot, hata waliozaliwa juzi, wakiniona huangaliana kwanza.

Ilikuwa miaka ya tisini, mwaka ule mvua ya mawe ilitupiga vibaya, ikachana majani chai, ikalaza mahindi yote kabla hayajafika magotini, na mimi sikuwa na punje ya kupanda tena. Ndipo serikali ikatangaza ruzuku ya mbegu na mbolea, pesa taslimu, mkononi! Jamani, ile furaha! Asubuhi ya malipo nikaamua, kwa akili yangu mwenyewe, kwamba karani hawezi kutoka Kericho mpaka kwetu arudi bila kuonja mursik, maziwa yetu yanayochachushwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa mkaa.

"Mama Chebet," mume wangu akasema, "hiyo bado inafura kwa kibuyu. Wacha ikae."

Nani alimsikiliza? Nikashindilia kifuniko, nikakikaza kwa kamba ya katani ili isimwagike, nikaomba lifti kwa lori la majani chai, na barabara yetu mnaijua, mashimo matupu, kibuyu kikirukaruka mapajani na mimi nikikikumbatia kama mtoto (halafu mtu aniambie nilikuwa na akili).

Nilikuta uwanja wa ofisi ya chifu umejaa. Karani, mtu wa upande wa ziwa, mgeni wa vyakula vyetu, suti ya kijivu, alikuwa mezani na kasha la pesa wazi mbele yake, askari wawili nyuma. Nilipoitwa nikaenda karibu nikicheza.

"Hiyo ni nini umebeba, mama?"

"Ni asante, bwana karani. Onja kwanza."

Nikakata kamba. Sikufungua mimi, naapa, kifuniko kiliruka chenyewe, puu! Askari mmoja akajitupa chini, na mursik ikapanda juu, ikashuka yote, na weusi wake wa mkaa, kwenye suti, kwenye miwani na ndani ya kasha. Halafu mzee mmoja huko nyuma akapiga kelele, "Mama Chebet, umetumaliza!"

Karani akafuta miwani, akasema noti zilizolowa hawezi kulipa, anazirudisha mjini, na kurudi hajui lini. Moyo wangu ukafa. Wiki hiyo ilikuwa ya mwisho ya kupanda, si kwangu tu, kwa lokesheni nzima, na watoto wa watu wangekula nini? Nikapiga magoti.

"Bwana karani, jua liko. Tuanike!"

Sijui ni huruma au ni kuchoka, akakubali. Basi tukaanika pesa ya serikali juu ya michai ya jirani wa chifu, maana chai iliyochumwa vizuri huwa sawa kama meza, askari wakizunguka na bunduki.

Lakini mvua yetu ya mchana haijui kusubiri. Upepo ukaja mbele yake, noti zikaanza kuruka, na watu wote, wazee na mama wa kanisa, wakajitosa ndani ya chai wakikimbia, wakianguka, wakizidaka hewani, na mimi nikipiga kelele, "Leteni! Kila mtu alete!" Maana ikipotea hata moja, mwizi angekuwa nani kama si mimi?

Karani akahesabu ndani ya ofisi, mvua ikipiga mabati, sisi tumebanana bila kupumua. Akahesabu tena.

"Zimetimia," akasema.

Vigelegele vilivyopigwa hapo! Hata yule mzee alinikumbatia. Tukalipwa wote, mimi wa mwisho, na kabla sijapokea karani akasogeza kiti chake nyuma.

"Mama, onyesha mikono kwanza. Yote miwili."

Nikaonyesha, mbele ya watu wote. Mahindi nilipanda kesho yake, yakaota vizuri sana, lakini tangu hapo mtu wa serikali akija kwangu namkaribisha kwa chai ya moto, ndani ya kikombe ambacho hakina kifuniko.